Nilibonyeza Kuzima, Injini Ikakataa

Jamani, nilibonyeza swichi ya kuzimia. Injini haikuzima.

Nikabonyeza tena. Na tena. Kidole gumba kikaanza kuuma.

Mbele yangu mteremko ulibaki kama hatua sitini, halafu shimo la machimbo ya mawe. Shimo lile ukidondosha jiwe unaweza kuhesabu hadi tatu kabla hujalisikia. Nimekulia jirani nalo, nalijua.

Na mkono wangu haukuwa kwenye mafuta! Nataka mlielewe hilo mapema. Nilikuwa nimeachia kabisa, lakini injini ilinguruma utadhani nimevuta hadi mwisho.

Ngoja niwaambie ni pikipiki gani, msije mkadhani ni bodaboda. Hii ni ya matairi manne, ya michezo, ya kupita njia za porini. Injini yake ni tu-stroki, zile unazochanganya oili ndani ya petroli, zinatoa moshi wa bluu na mlio mwembamba. Kwa mlio huo mtaa mzima unaiita Nyigu.

Niliinunua ikiwa mkweche, nikaifufua kwa mikono hii. Ndiyo, mimi ni mwanamke. Mchana nachomelea mageti na madirisha, jioni nafungua injini. Wenye kucheka walishacheka wakachoka.

Wiki ile nilikuwa nimeifungia kabureta kubwa zaidi, na ekzosi niliyoichomelea mwenyewe. Jumamosi asubuhi nikaitoa kuijaribu. Kutoka nyumbani hadi njia ya machimbo ni dakika kumi, sikusimama popote.

Basi nikakamata klachi. Injini ikaacha kuvuta matairi, lakini ikapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia. Nikaminya breki ya mbele, matairi yakateleza kwenye kokoto, Nyigu ikaanza kwenda upande upande.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilimwita mama yangu kama mtoto wa miaka mitatu.

Mkono wa kushoto siwezi kuutoa, nikiachia klachi nimekwisha. Mguu wa kulia uko kwenye breki ya nyuma. Ukabaki mkono mmoja tu. Nikautoa kwenye usukani, nikauingiza katikati ya magoti, chini ya tangi, nikapapasa kofia ya plagi... nikaivuta!

Umeme ukanipiga hadi begani, meno yakagongana.

Kimya.

Nyigu ikateleza, ikageuka ubavu, ikasimama. Baadaye nilipima kwa miguu yangu kutoka tairi la mbele hadi ukingoni. Hatua nne.

Nilikaa chini muda mrefu. Nilipoinuka nikafuata waya mweusi unaotoka kwenye swichi ya kuzimia. Ulikuwa umekatwa. Haukuchubuka wala kuungua. Umekatwa, na aliyekata alirudisha ncha zote mbili ndani ya mpira wake zisionekane.

Ndugu zangu, hapo ndipo hofu ya kweli iliponiingia. Shimo huwa halimfichi mtu kwamba ni shimo. Lakini huyu alikuja kwenye banda langu, akafanya kazi yake, akafunika, akaondoka.

Na nilidhani namjua.

Mume wangu ni fundi umeme. Koleo lake linalala mfukoni. Siku tatu kabla tuligombana juu ya Nyigu, akasema mbele ya watu kwamba siku moja nitaletwa nyumbani nimefunikwa shuka, na yeye hatalia. Kikulacho ki nguoni mwako, si ndivyo?

Nikaiacha Nyigu pale pale, nikarudi kwa miguu. Kila kichaka kikicheza nasimama.

Mama yangu alikuwa barazani kwenye cherehani. Tangu baba afariki anaishi nasi, na anashonea mtaa mzima. Aliponiona nina vumbi hadi kwenye nyusi akasimama, kisha akakaa tena. Sikumjali. Nilipita moja kwa moja hadi ndani, mume wangu alikuwa anakunywa chai.

"Umekata waya wangu," nikamwambia.

"Waya gani?"

"Mweusi. Wa swichi ya kuzimia."

Akaweka kikombe mezani taratibu. "Huo ukikatwa, injini haizimi."

"Kumbe unajua."

"Ni kazi yangu kujua."

Niwaeleze, maana hapa ndipo penye mambo. Taa ukikata waya wake, inazima. Nyigu ni kinyume. Ule waya mweusi kazi yake ni kuuchukua umeme wa plagi na kuupeleka kwenye bodi ya chuma, ukafie huko. Ukiukata, pikipiki inawaka vizuri tu, ila huwezi kuizima. Watu wengi hawalijui hilo. Fundi umeme analijua!

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu.

Hakupaza sauti. Alisema angetaka kunizuia angechomoa plagi akaitia mfukoni, kazi ya nusu dakika, nami ningeishia kununa tu. "Nakuogopea," akasema. "Kukuogopea na kukuua ni vitu viwili."

Nilimtupia begi lake nje. Akaenda kwa kaka yake.

Siku mbili zile sizitamani tena. Milango niliifunga mchana kweupe. Sikula chakula nisichokipika mwenyewe. Geti likilia nashika nyundo. Mtu niliyelala naye miaka sita, nikawa naogopa hata shati lake lililobaki kwenye kamba.

Mama naye akaacha kula. Cherehani hakuigusa. Nikadhani ananihurumia.

Jumatatu asubuhi nikavaa viatu niende polisi. Ule waya nilikuwa nimerudi kuufungua, nikautia kwenye mfuko wa nailoni kama ushahidi. Nikamkuta mama amesimama mlangoni.

"Usiende, mwanangu."

"Mama, huyu mtu ataniua."

"Aliyekata ni mimi."

Nilicheka. Kweli kabisa, nilicheka. Mama yangu hata balbu habadilishi, anamwita mkwe wake.

Akaingia chumbani, akarudi na mkasi wake wa kukatia vitambaa. Kwenye makali kulikuwa na pengo dogo. Akaniambia chuma cha ndani ya waya kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, ikabidi aminye kwa mikono miwili.

Nikakaa chini palepale mlangoni.

Akanieleza yote. Ijumaa, nilipokuwa kwenye kazi ya geti, aliingia bandani. Alitaka Nyigu isiwake, basi. Nishinde nyumbani Jumamosi moja tu. Akachagua waya ulio karibu na mkono, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba gari likikatwa waya haliwaki. Ncha akazisukuma ndani ya mpira ili nisizigundue upesi.

"Asubuhi nikasikia limewaka," akasema. "Nikajua nimekata usio na kazi. Nikamwomba Mungu msamaha kwa kukuharibia, nikaendelea kushona."

Mnaona? Mama alishona nguo ya mtu kwa amani wakati mimi naelekea shimoni.

Nilimuuliza kwa nini hakunikataza kwa mdomo. Swali hilo nalijutia hadi leo, kwa sababu jibu lilikuwa langu.

"Ulituambia mimi na mumeo," akasema, "atakayelitaja tena hilo pikipiki ndani ya nyumba hii asiongee nawe kabisa. Mumeo alikaidi, nikaona mlivyogombana. Mimi nikaogopa kukupoteza kabla hujafa."

Nililia mara ya pili ndani ya siku tatu. Yeye akanifuta uso kwa kanga yake huku naye machozi yanamdondoka.

Kwa mume wangu nilikwenda kwa miguu, nikaona njia fupi kuliko maneno niliyonayo. Nilipiga magoti mbele ya shemeji na mke wake. Hakuniinua haraka, na sikumlaumu. Baadaye akauliza kitu kimoja tu: injini ilipandaje yenyewe wakati nimeachia mafuta?

Nilikuwa sijalifikiria! Waya uliokatwa unazuia kuzima, haupandishi injini.

Tukaenda naye bandani, Nyigu ilikuwa imeshakokotwa. Akatazama panapoungana kabureta na injini. Klampu, ile pete ya chuma inayobana mpira wa kuviunganisha, haikukazwa. Ilikuwa inacheza kwa kidole. Hewa iliingia pale, petroli na oili vikapungua, injini ikapaa. Na klampu ile niliifunga mimi, Ijumaa jioni, kwa haraka ya kuijaribu kesho yake.

Halafu kuna kitu ambacho kila fundi wa tu-stroki anakifanya kabla hajapanda: unawasha, unazima, ndipo unawasha tena. Siku ile sikufanya. Ningefanya, ningegundua waya nikiwa uani kwangu.

Kwa hiyo wauaji wangu walikuwa wawili. Mmoja ni mama yangu kwa mapenzi, mwingine ni mimi kwa haraka. Aliyefukuzwa ni yule asiye na kosa.

Funzo langu, mlichukue au mliache: ukiwakataza watu wako kukwambia wanachokiogopa, hofu yao haiishi. Inatafuta njia nyingine, na huenda njia hiyo ikawa na mkasi.

Mume wangu alirudi. Bado tunaongea kwa tahadhari, lakini tunaongea. Waya aliuunga yeye.

Na Jumamosi, kabla sijatoka, mama anaacha cherehani na kuja kusimama mbele ya Nyigu, kanga kaishika kwa mikono miwili.

"Washa," ananiambia.

Nawasha.

"Zima."

Nazima.

Ananitazama kidogo. Kisha anasogea pembeni, ananiambia anaogopa, na kwamba nikichelewa kurudi atakuja kunifuata kwa miguu.