Fundi Hachani Nguo

Kila Jumapili mchana, Kitinda alifika kwenye nyumba ya kutunzia wazee na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati jipya la baba yake. Yeye ndiye mtoto wa mwisho, ndiyo maana akaitwa Kitinda. Sasa ana wajukuu wawili, na jina halijambanduka.

Baba yake alikuwa fundi cherehani kwa miaka hamsini. Siku hizi ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemchukulia mengi, hata sura ya mwanawe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mwanao, baba."

"Haya," mzee alijibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni.

Kitinda alimuuliza kama amekula, kama amelala vizuri. Kisha wote wawili wakautazama ukuta. Baada ya nusu saa aliaga.

Jumapili moja msimamizi alimngojea mlangoni.

"Baba yako anachana nguo," alisema. "Hili ni shati la nne. Tukimkataza anakuwa mkali. Daktari akija Alhamisi, tutamwomba ampe dawa ya kumtuliza."

Kitinda alijua maana yake. Dawa ile ingemfanya baba asinzie kutwa. Kile kidogo kilichobaki cha baba yake nacho kingelala.

Mhudumu wa chumba cha mzee aliitwa Mama Funguo, kwa sababu ya funguo zilizolia kiunoni mwake. Wahudumu wa aina yake mimi nawavulia kofia. Wanaangalia pale ambapo wengine tunapita tu.

"Dada, njoo uone," alisema, akalitandaza lile shati la nne kitandani. "Mimi si fundi. Hebu nionyeshe lilipochanika."

Kitinda alitafuta. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umetoka, lakini kitambaa kilikuwa kizima. Uzi ulikuwa umetolewa kidogo kidogo, bila kuacha hata tundu.

"Hajachana," Kitinda alisema. "Amefumua!"

"Kwa kucha zake. Lakini kwa nini?"

Kitinda alitoa shati jipya kwenye mfuko, akaangalia mshono. Ulikuwa umepinda. Alicheka huku machozi yakimlenga.

"Baba hawezi kuvumilia mshono uliopinda! Wanafunzi wake walikuwa wakilia. 'Fumua, anza upya!' Ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi."

"Kumbe mzee wetu yuko kazini," alisema Mama Funguo. "Mbona hukutuambia?"

Akaleta fomu aliyoijaza Kitinda siku mzee alipoletwa. "Presha umeandika. Magoti umeandika. Hapa umeulizwa kazi yake na anachopenda. Umeandika neno moja: apumzike."

Kitinda aliona haya. Nyumbani alikuwa ameifunika cherehani na kuifungia tepu yake ya kupimia kabatini. Alidhani ndiyo heshima yenyewe.

"Sikulaumu, dada yangu. Sisi tunajua kuogesha, kulisha, kumgeuza mtu asipate vidonda. Lakini mtu mwenyewe mnamjua ninyi. Mkinyamaza, tunatunza mgeni. Tuandikie maisha yake. Njoo Alhamisi, tukae na daktari pamoja. Na ukimtembelea usimhoji kama polisi. Fanyeni kitu pamoja."

"Na sindano ya kushonea je? Naweza kumletea?"

"Sindano moja, ukiwepo wewe, na uondoke nayo. Siku nyingine tutampa kazi ya kufumua. Foronya kuukuu hapa hazikosekani."

Alhamisi Kitinda alikuja na kurasa mbili za maandishi na kopo la vifungo. Daktari alisoma zote. Akamtazama mzee, ambaye alikuwa akifumua foronya kwa utulivu.

"Dawa isubiri," alisema. "Tujaribu hivi kwanza."

Mwezi ukapita. Mzee hakugombana tena na mtu kwa sababu ya nguo. Alikula akamaliza, maana sasa alikuwa na kazi ya kumtia njaa. Wahudumu walimletea makoti yao ayakague, naye hakumsaza hata mmoja kwa maneno.

"Nani kashona hii? Macho aliyaacha wapi?"

Mama Funguo alisutwa kuliko wote, na alifurahi kuliko wote.

Jumapili iliyofuata Kitinda alileta ile tepu ya zamani. Baba yake aliipokea, akaitundika shingoni, akainuka. Bila kuulizwa, akaanza kumpima Kitinda mabega. Akapima mara ya pili. Mkono wake ukasimama.

"Bega la kushoto limeshuka," alisema.

"Ndiyo, baba. Nilizaliwa nalo."

"Nina mtoto mwenye bega hili. Nilikuwa namtilia kitambaa begani, ndani ya sare ya shule, wenzake wasimcheke."

Kitinda hakuwahi kulijua hilo. Shuleni hakuna aliyemcheka, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Ni mimi, baba," alisema.

"Najua," alisema fundi. "Sasa simama wima, nisije nikakosea."