Fremu ya Deodatus

Mimi sikuwepo, aliyeyaona ni rafiki yangu Deodatus wa Butimba, mtu mwepesi wa hasira. Alitaka fremu ya kunyanyulia vyuma nyumbani. Ya dukani ilimshinda bei, akaenda kwa Kashindye, fundi wa kuchomelea.

"Haya mabomba yalikuwa uzio wa kaburi kule Sengerema," Kashindye alimwambia. "Wenye kaburi wamelijengea upya, wakaniuzia haya. Ningekuwa wewe, nisingeyaingiza ndani."

"Nimekuja kununua chuma, sijaja kuhubiriwa! Chomelea!"

Fremu ilipokamilika, Deodatus akaisimamisha stoo kwake, chumba kisicho na dirisha, akapiga kufuli.

Jumamosi mchana umeme ulikatika. Redio iliponyamaza, akasikia chuma kikigonga chuma, kisha pumzi nzito ya mtu anayenyanyua. Damu ikamchemka.

"Nani kagusa vitu vyangu? Toka, mshenzi wewe!"

Kufuli ilikuwa imefungwa, na ufunguo anao mfukoni. Akafungua, akaingia gizani akitukana, akajikwaa. Akawasha tochi ya simu.

Hapakuwa na mtu. Ila katikati ya fremu, sakafu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe ilikuwa imevimba, urefu wa mtu aliyelala, wala haikuwa na ufa hata mmoja.