Miche ya Mzee Emiliani

Maiti ya mzee Emiliani ilikutwa katika chumba cha nyuma cha banda, kando ya ndoo za asali zilizoyeyuka kwa moto. Mvua ya kijiji cha Lufingo ilikuwa ikinyesha juu ya majivu. Watu waliokimbia kutoka msibani, kijiji cha pili, walisimama na nguo zao za maziko.

Inspekta Rukaya, aliyehamishiwa Tukuyu kutoka Tanga, alichuchumaa mlangoni. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi, halikuvunjwa. Ukuta ulinuka mafuta ya taa.

"Banda ni la nani?"

"La kikundi chetu cha kutunza chemchemi, Afande," alijibu Belinda, katibu wa kikundi, macho yamemvimba. "Tunauza asali, tunalipa walinzi wa msitu. Wafadhili walituacha mwaka juzi."

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Mashine ya kukamulia asali, na miche ya mikuyu. Vyote vimeteketea."

Generosa, mke wa marehemu, alizungumza kwa shida. "Goti lilimuuma. Akasema, nendeni mkazike, mimi nitapumzika bandani."

Wanakijiji walimtaja Fred. Kikundi kilikuwa kimemwondoa kwenye ukingo wa chemchemi alikolima viazi, naye akaapa kuwachoma. Rukaya alimhoji kituoni.

"Ulisema utawachoma?"

"Nilisema. Hasira, Afande."

"Moto ulipowaka ulikuwa wapi?"

"Kaburini. Nilichimba mimi. Uliza yeyote."

Aliuliza. Ilikuwa kweli.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuwa fupi: moshi ulijaa mapafuni, mwilini hapakuwa na jeraha. Mzee alikuwa hai moto ulipowashwa. Rukaya alikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu kuliko alivyohitaji kuisoma.

Alirudi Lufingo na Konstebo Anwari, wakapekua tena. Anwari ndiye aliyemwita kutoka migombani. Chini ya majani makavu kulikuwa na viriba vya miche ya mikuyu, vimepangwa kwa uangalifu, hakuna hata mche mmoja uliovunjika.

Rukaya aliitazama ile miche. Adui wa kikundi asingeiokoa kabla ya kuwasha moto.

"Iache ilivyo," alisema. "Tungoje."

Asubuhi iliyofuata Belinda alishuka migombani peke yake, akaanza kuondoa majani ili miche ipate mwanga.

"Uliniambia imeteketea," Rukaya alisema nyuma yake.

Belinda hakukimbia. Aliketi kwenye tope.

"Kwa nini, dada?"

"Asali haitoshi, Afande. Walinzi wanaacha mmoja mmoja. Kila nikiwaandikia wafadhili, wanajibu kwamba sisi tunajiweza, wanasaidia walio taabani. Nikaona wakipata picha za banda lililochomwa na maadui wa msitu, watarudi. Nikachagua siku ya msiba ili pasiwe na mtu."

"Hukukagua?"

"Nilikuta kufuli li wazi, nikadhani wamesahau kulifunga. Niliita, 'Kuna mtu?' Nikaita tena."

"Emiliani alikuwa hasikii. Mkewe aliniambia."

"Najua. Nilikuwa najua, Afande. Ila nilihesabu kwamba yuko msibani na wenzake. Mlango wa chumba cha nyuma sikuufungua. Miche ilikuwa mbele, nikawa na haraka ya kuitoa."

"Kwa nini uliitoa?"

"Aliiotesha yeye. Sikuweza kuichoma."

Anwari alitoka migombani na pingu, Belinda akanyoosha mikono bila kuombwa. Tangu mazishi ya mzee, walisema majirani, Belinda hakuwa amelala kwake.

Rukaya hakuingia garini. Alipanda kilima peke yake hadi kwa Generosa, akamkuta ameketi kwenye mkeka, khanga imemfunika mpaka kidevuni. Alimweleza yote polepole, kwa Kiswahili chepesi, na bibi yule alipomtazama kama hajaelewa, akarudia.

Generosa alishusha khanga kutoka kidevuni.

"Belinda huyu wetu?"

"Ndiye, bibi."

"Amelala hapa na mimi tangu tulipozika. Leo asubuhi nilikataa kula. Alinishika kichwa, akanilisha uji kwa kijiko, analia." Alimtazama Rukaya usoni. "Nilikuwa namwambia anyamaze, mume wangu alimpenda kama mtoto."

Rukaya alivua viatu, akaketi naye mkekani.