Shoka katika Bonde la Kushoto

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tisa Desemba 1961, saa nane na nusu mchana, na jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya Milima ya Mackenzie, huku kwetu kaskazini mwa Kanada ambako Desemba mchana ni mfupi mno. Rafiki yangu Boniface alikuwa akimpelekea mdogo wake, Gaspard, unga na chai kambini. Mahali bonde linapogawanyika aliikuta fimbo imesimikwa thelujini, ikiinamia kushoto. Kwetu, aliyetangulia huinamisha fimbo upande alioelekea, na anayefuata haulizi. Kuikosa kambi katika baridi ile kulikuwa ni kufa.

Akashika kushoto. Katika giza lililokuwa likiingia mbele yake akasikia shoka likipasua kuni, kisha sauti ya Gaspard: “Kaka, unatembea kama bibi harusi! Njoo, chai yenyewe unayo wewe!”

Boniface alicheka, akaharakisha. Shoka halikukaribia. Ndipo alipotazama chini: theluji ya mbele haikuwa na alama ya mguu wowote.

Alirudi mbio hadi penye fimbo. Gaspard alikuwa akishuka kutoka bonde la kulia, shoka begani.

“We kaka, unatoka wapi huko? Fimbo mimi niliiinamisha kulia!”

“Nyamaza. Sikiliza.”

Watu husimulia kwamba sauti ilimwita Boniface tena. Sivyo. Ndugu wote wawili wameniambia, kila mmoja peke yake: shoka lililokuwa bado likisikika kushoto lilinyamaza, na kutoka huko huko ikaja sauti ya Boniface mwenyewe, ikisema kwa upole, “Njoo, mdogo wangu. Chai nimefika nayo.”