Sauti ya Shimo la Katikati

Sauti zilikuwa kumi na tatu. Mwalimu Kivuva alirudisha video mara tatu, akahesabu upya, kisha akampigia simu Mulei, kiongozi wa kwaya ya Kyuso.

"Waimbaji wenu ni wangapi?"

"Kumi na wawili, Mwalimu."

"Na kwenye lile shimo la katikati yuko nani?"

"Hakuna mtu. Tuliliacha wazi makusudi. Ni la yule anayekufa kwa kiu katika mchezo wetu."

Kivuva alikuwa amestaafu kufundisha muziki, na sasa huko Kikima alihukumu mashindano ya kwaya za makanisa. Opera hii, mchezo ulioimbwa mwanzo hadi mwisho, ilihusu kiangazi. Badala ya kutumia jukwaa, Mulei alikuwa amewaingiza waimbaji kwenye visima walivyochimba katika mchanga wa mto mkavu, vichwa tu vikionekana. Kivuva alikuwa ameshaandika kwamba ubunifu huo ni wa kijasiri, ila sauti nzito zinamezwa na mchanga. Sasa kalamu ilisimama. Kutoka shimo tupu ilipanda sauti ya msichana, nyembamba, safi, ikichelewa kidogo mwisho wa kila mstari, naye aliijua.

Alifunga kompyuta. Sauti haikukoma.

Mkewe, Wayua, alitoka jikoni akifuta mikono. "Baba Ndeti, nani anaimba?" alinong'ona. "Na mbona humu kunanuka mchanga uliolowa?"

Ilikuwa saa nane mchana, jua likichoma mabati, lakini harufu ya mto uliofurika ilizidi kuingia, ikashika mapazia na nguo zao, na sauti ile ikahama kutoka mezani hadi chini ya sakafu, ikawa inawazunguka miguuni na kurudia ubeti mmoja tu, kila mara karibu zaidi, mpaka Wayua akamshika mumewe mkono na kumwambia kwamba hilo ni jini, wamwite mchungaji.

"Mchungaji hataweza," Kivuva alisema. "Ni Ndinda."

Ndipo alipomweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Miaka kumi na minne nyuma, akifundisha Kyuso, alimshusha Ndinda, mwanafunzi wake, kutoka basi la shule lililokuwa likienda mashindanoni, mbele ya wenzake kwa sababu alichelewa mazoezini, na ubeti wake akampa msichana mwingine. Ndinda alikata njia kupitia mtoni ili awawahi mbele. Maji ya mafuriko yakamchukua. Wazazi walipouliza, Kivuva alisema siku hiyo hakumwona kabisa.

Asubuhi iliyofuata alisafiri hadi Kyuso akiwa na kompyuta yake. Katunge, mama yake Ndinda, alikuwa akipepeta ndengu uani. Kivuva alimwambia yote akiwa amesimama, bila kujitetea.

Mama yule aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo hakutoroka shule," alisema polepole. "Nilimzika nikiwa nimemkasirikia, Mwalimu. Miaka yote hii."

"Nisamehe, Mama Ndinda."

Katunge aliitazama kompyuta aliyoishika. Alisema, "Umesema anaimba. Nisikilizishe."

Kivuva alifungua video. Waimbaji waliimba, kumi na wawili, na kwenye shimo la katikati hapakuwa na kitu ila upepo. Harufu ilikuwa imekwisha. Hakuna kilichomfuata tena, na alitamani kingemfuata.

Katunge alivuta kigoda karibu na kioo cha kompyuta.

"Rudisha," alisema. "Labda sikusikia vizuri."