Besi Iliyotoka Nyumba ya Metimani

Emilian ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ni fundi redio hapa Karatu, kibanda chake kiko nyuma ya soko, na Mungu alimpa mikono ya dhahabu halafu akasahau kumpa adabu. Ukimpelekea amplifaya iliyoungua, kabla hajaigusa atakuuliza shule uliishia darasa la ngapi. Madereva wa watalii wanaoleta redio za magari aliwaita washamba wenye miwani. Wanakwaya aliwaita kuku. Mimi niliyekuwa nakwenda kunywa chai yake aliniita mzigo, na hapo labda hakukosea sana.

Jumatano ile ilianza kama Jumatano yoyote. Jua, vumbi jekundu, na Brigita mkewe kwenye kigoda mlangoni anachambua maharage. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu aliibeba kama mtu aliyeshika yai. Alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba haombi kitu kingine duniani: anataka amsikie mwanawe analia, basi. Emilian naye, na kiburi chake chote, kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda aliweka sikio kwenye tumbo la mkewe akasikiliza. Hapo tu ndipo nilipowahi kumwona amenyamaza.

Saa nne akaingia Cresensia, mwenyekiti wa kwaya kutoka Qurus.

"Fundi, Jumapili ni kipaimara na hatuna besi. Josephati hatoki."

Josephati ndiye mpiga besi wao, mtu wa Endabash. Alikuwa amefiwa na mtoto wa siku arobaini, na nyumba yake ilikuwa imeingia metimani. Sisi Wairaqw tunajua maana yake. Nyumba iliyofiwa hivyo hujitenga. Hawaendi kwa jirani, hawapeani mkono na mtu, na kitu chao hakivuki ua mpaka wazee waseme yamekwisha. Zaidi ya yote, hawasogei penye mama mjamzito. Hawajafungwa na polisi. Ni huruma yao tu, ili lililowapata wao lisihamie kwa mwingine.

"Gitaa ni la nani?" Emilian akauliza.

"La kwaya. Ila liko ndani kwake, na ni bovu. Labda tuimbe bila besi."

Emilian akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Aise! Watu mna simu za kisasa mkononi halafu mnaogopa gitaa lililofiwa? Ndiyo maana hamwendelei. Jumapili nitalipiga mimi mwenyewe."

Brigita aliacha maharage. "Emili, liache."

"Wewe chambua maharage."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipanda pikipiki akaenda.

Kule Endabash njia ya kuingia kwa Josephati ilikuwa imelazwa tawi la mti, na mwenyewe alisimama nyuma yake. Leonida mkewe alikuwa mlangoni. Kanga ya kubebea mtoto alikuwa bado ameifunga mgongoni, imelegea, haina kitu.

"Ishia hapo hapo, kaka," Josephati alisema kwa sauti ya chini, Emilian alipotaja gitaa. "Sikukatazi, gitaa ni la kwaya. Lakini nikuambie. Mtoto wetu alikuwa hatulii mpaka nimlaze juu ya hilo gitaa, nigongegonge uzi mmoja. Alifia hapo. Kiganja chake kilikuwa kwenye pikapu, pale chini ya nyuzi. Tangu dakika ile limekuwa bubu."

"Bubu! Waya umekatika, bwana. Ni gitaa tu."

"Sawa. Ila usiliingize penye mama mwenye ujauzito. Nakusihi."

Emilian aliruka tawi, akapita katikati yao bila hodi, akalitoa gitaa ukutani. Alipokuwa anaondoka alimsikia Leonida akimnong'oneza mumewe kwamba yule mtu hata pole hakuwapa. Ni kweli, hakuwapa.

Alasiri ile ile alilaza gitaa mezani na kuanza kazi. Na kazi anaijua, hilo simnyimi. Alibadilisha waya wa amplifaya: kimya. Akasafisha jeki, lile tundu la kuchomekea waya: kimya. Akafungua kitufe cha sauti akapuliza vumbi: kimya. Basi akashuka kwenye pikapu yenyewe, kile kipande cheusi cha sumaku kinachokaa chini ya nyuzi. Ndani yake kuna koili, waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mizunguko. Huo ndio unaoshika mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Ukikatika, gitaa halina sauti.

Alipima kwa mita. Koili ilikuwa imekatika.

"Si nilisema?" aliuambia ukuta.

Hapo spika ikatoa sauti. Ndogo. Kama mtu anayevuta pumzi ili alie, halafu asilie.

Alitazama mita tena. Imekatika. Waya uliokatika haupitishi kitu, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Akajipa jibu, maana mtu wa aina yake hakosi jibu. Nta iliyoshika koili imekauka, akasema, mizunguko imelegea, na pikapu iliyolegea hudaka sauti za watu walio karibu. Hilo ni kweli, hutokea. Swali la jinsi inavyodaka ikiwa imekatika alilisukuma pembeni.

Alitafuta ncha ya waya iliyokatika, akailehemu, mita ikasoma vizuri. Akayeyusha nta ya nyuki kwenye sufuria, akaitumbukiza pikapu mpaka mapovu yakaisha. Ikapoa, akairudisha mahali pake. Ikabaki kujaribu kama bado inadaka sauti.

"Brigita! Njoo uongee hapa."

"Siji."

"Nimekwambia njoo. Au na wewe ni kuku?"

Alikuja, maskini. Aliinama juu ya meza, na kwa ukubwa wa tumbo lile, tumbo likalala juu ya nyuzi. Akasema, "Haloo." Spika haikutoa chochote. "Haloo," akarudia. Kimya kabisa.

"Unaona? Imepona."

Kisha spika ikaanza kugonga. Haraka haraka. Du-du, du-du, du-du. Emilian aliujua mlio ule. Alikuwa anausikiliza kila asubuhi.

Ukagonga hivyo kwa muda. Ukakata.

Brigita aliruka nyuma ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Amegeuka," alinong'ona. "Emili, amegeuka kwa nguvu." Mtoto alikuwa anacheza, yu hai, wote wawili walimgusa wakahakikisha. Emilian akazima amplifaya na kusema ni umeme mbovu wa mji huu.

Jumapili alipiga, na besi ilitoka tamu ajabu, hata mimi niliyekuwa nyuma kabisa nilitingisha kichwa. Katikati ya nyimbo mbili, kanisa likiwa kimya, mtoto mchanga alilia. Wamama wote wakainamia watoto wao. Hakuna aliyekuwa analia. Cresensia aligeuka polepole akamtazama Emilian, na Emilian akachomoa waya wa gitaa. Kilio kiliendelea kidogo, kisha kikaisha.

Alhamisi Brigita akajifungua. Mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na ushee. Alifungua mdomo akalia. Uso ukawa mwekundu, machozi yakatoka, ulimi ukatetemeka.

Hakukuwa na sauti.

Daktari alimpima koo. Koo zima. Mapafu mazima. Alikunja uso akasema tusubiri. Brigita akawa anamtikisa mtoto taratibu, anarudia, "Lia, mama. Lia nikusikie."

Emilian alitoka mbio mpaka kibandani. Saa tisa mchana, soko limejaa watu. Alifungua mlango. Amplifaya ilikuwa imezimwa. Gitaa liko peke yake ukutani, halijachomekwa popote.

Lilikuwa linalia. Kilio kikavu cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Alilishusha, akaing'oa pikapu, akabandua kifuniko. Nta aliyoimimina yeye mwenyewe ilikuwa imeshika vizuri, laini, haina ufa. Alibandua kipande chake. Upande wa ndani, uliokuwa umegusana na koili, kulikuwa na alama za vidole. Vinne. Vidogo kuliko punje ya maharage.

Kile kipande alikiacha mezani, akarudisha vingine vyote mahali pake, hakujua afanye nini kingine, akaenda Endabash. Safari hii hakuruka tawi. Alipiga magoti mbele ya lile tawi, mwanaume mzima, akalia na kuomba msamaha, na gitaa mikononi likilia pamoja naye.

Leonida alitoka. Alilipokea bila haraka. Akainama, akaliweka mgongoni, akavuta ile kanga akaifunga. Akatembea hatua mbili, tatu, akijitikisa kidogo.

Kilio kikatulia.

"Shemeji," Emilian alinong'ona, "hiyo ni sauti ya mwanangu. Nirudishie."

"Shhh. Amelala." Leonida alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kama Emilian mwenyewe alivyozoea kuwatazama watu. "Na wewe si ulisema ni gitaa tu?"

Wazee walishasema yamekwisha, metimani ile ilitoka zamani, Josephati anakwenda shamba na kanisani. Leonida hatoki, na gitaa bado yuko nalo ndani. Emilian siku hizi anatengeneza redio bila kumtukana mtu, na kile kipande cha nta kiko kwenye rafu yake, nimekishika mwenyewe, vidole vinne. Mtoto wake na Brigita, Angelina, ana mwaka na nusu. Anatembea, anacheka, na hatoi hata mguno.

Kila Jumamosi Brigita anampakata kwenye basi mpaka Endabash, wanakaa chini nje ya ua wa Leonida. Angelina akianguka akaumia, Brigita humwangalia mdomo, halafu hutega sikio upande wa nyumba. Ni mara moja hiyo kwa wiki anapomsikia mwanawe analia.

Jumamosi iliyopita Angelina alimtazama mamaye usoni akachezesha midomo kwa mara ya kwanza. Kutoka ndani ya nyumba, sauti ndogo ikasema, "Mama."

Leonida akaitika, "Abee."