Bati Juu ya Shimo

Ndugu zangu mnaoishi nyumba za kupanga, hii ni yenu. Na wewe mwenye nyumba yako na geti lako, usijitoe haraka, maana hata wewe una jirani.

Palikuwa na uwanja wa nyuma ambao asubuhi ulipendeza. Vyumba viliuzunguka pande tatu, bomba la maji lilikuwa katikati, na kamba za nguo zilipita huku na huku. Wa kwanza kuamka kila siku alikuwa mwanamke anayefulia watu nguo kwa malipo. Binti yake wa miaka minne aliitwa Maswali na uwanja mzima, kwa sababu hakuwahi kuvuta pumzi mbili bila kuuliza jambo, na mama naye akawa Mama Maswali. Mtoto alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwasalimia wote waliokwenda kunawa uso.

Fundi wa kuchomelea, ambaye karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba hiyohiyo, alipita na kikombe cha chai.

"Shikamoo, Fundi. Mbona jana ulivaa kichwa cha chuma?"

"Marahaba. Ile ni kinga ya macho."

"Macho yako yanaogopa?"

"Yanaogopa moto."

"Na miguu yako haiogopi?"

Fundi alicheka, akamkatia kipande cha mkate wake. Msije mkadhani huyu alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, na kodi alilipa mapema kuliko wote. Ila alikuwa na neno lake moja alilolipenda kupita kiasi: "Mimi nimepanga chumba tu." Taa ya ukumbini ikiungua, yeye amepanga chumba tu. Bomba likivuja mpaka uwanja ukawa tope, yeye anaruka tope, anakwenda zake kazini, amepanga chumba tu. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama watamkuta mlangoni akiwaambia malaika hayo hayo.

Siku moja gari la kunyonya maji taka liliingia uwanjani. Wakati wa kurudi nyuma, gurudumu likapanda mfuniko wa zege wa shimo la maji taka, karibu kabisa na kamba za nguo. Mfuniko ukapasuka, ukatumbukia wote. Dereva alishuka, akachungulia, akakuna kichwa, akapanda gari lake akaondoka. Mwenye nyumba alipopigiwa simu alisema, "Nitatuma mtu." Mpaka leo huyo mtu yuko njiani.

Sasa uwanja ukawa na mdomo wazi, mpana wa kumeza mtu mzima. Mama Maswali peke yake ndiye aliyejishughulisha. Aliburuta fremu ya kitanda kibovu cha chuma, akailaza juu ya shimo, akaifunga kitambaa chekundu. Haikuziba kitu, lakini kila aliyeiona alijua hapo hapapitiki. Kisha akamwonyesha binti yake bomba la maji na kumwambia kwamba mwisho wake ni hapo, akivuka hata hatua moja atachapwa. Wengine wote walikubaliana kwamba jambo lile ni la hatari sana, wakaingia vyumbani mwao.

"Mume wangu," mke wa fundi alisema siku hiyo, "pale karakana una mabamba mazito yamekaa tu. Si utuchomelee mfuniko?"

"Kwani mwenye nyumba amekufa?"

"Hajafa."

"Basi. Shimo si langu, nyumba si yangu. Nikiziba leo, kesho ataniambia nipake na rangi."

"Kuna watoto hapa."

"Na watoto wana mama zao. Mimi nimepanga chumba tu."

Mkewe akarudi jikoni. Ukimwambia mtu jambo mara tatu akakujibu hivyo, na wewe unachoka.

Ikaja siku ya joto kali. Fundi alirudi mchana kula, na inzi wa kutoka shimoni wakamfuata mpaka mezani. Mmoja alitua kwenye chakula. Akamfukuza, wakatua watatu. Akainuka kwa hasira, akaenda nyuma ya karakana, akarudi na bati kuukuu lililong'olewa kwenye paa la mtu, limeliwa na kutu mpaka linapitisha mwanga. Alipolilaza, halikukaa sawa kwa sababu ya ile fremu ya kitanda. Akaiondoa fremu, akaiegemeza ukutani pamoja na kitambaa chake chekundu. Akalilaza bati, akaweka jiwe kila pembe, akarudi kwenye sahani yake.

Mwalimu, mpangaji wa chumba cha mwisho, alikuwa akipita.

"Naona Fundi umetuzibia lile shimo. Ahsante sana."

"Si unaona mwenyewe," fundi alijibu huku akitafuna.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Msikanyage, nimelilaza tu." Ni maneno ya mtu kusema hata akiwa na tonge mdomoni. Lakini chakula kilikuwa kinapoa, na Mwalimu ni mtu mzima mwenye macho yake. Basi fundi akaendelea kula.

Kabla ya jioni uwanja mzima ulikuwa unasema fundi ameziba shimo. Na sikilizeni ubaya wake. Lile bati lingewekwa na Mwalimu, kila mtu angeligusa kwanza kwa ncha ya kidole cha mguu. Lakini limewekwa na fundi, mtu ambaye milango yake inafunga maduka ya mtaa mzima! Nani atampima fundi? Mama Maswali alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akasogeza mabeseni yake upande ule uliokuwa na kivuli, na akamruhusu binti yake kuvuka bomba. Hata mke wa fundi alilitazama bati, akamtazama mumewe.

"Umelichomelea?"

"Limekaa vizuri."

Alitaka kuuliza tena. Sufuria ikafurika jikoni, akakimbilia huko, na swali likaishia hapo.

Mvua ikanyesha, jua likawaka, vumbi likalifunika bati mpaka likafanana na ardhi. Watu wazima, kwa mazoea tu, walilikwepa kwa pembeni.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri. Fundi alikuwa anachomelea geti la mteja aliyekuwa amesimama nje akitazama saa. Akasikia kelele kutoka uwanjani. Uwanja ule haukukosa kelele. Wanawake waligombania bomba, vijana walibishana mpira. Akasikia, "Fundi! Fundi, ngazi!" Akasonya. Ngazi yake waliiazima mara ya mwisho wakairudisha imevunjika kipago, na hakuna aliyesema pole. "Leo watapanda vichwa vyao," alisema peke yake, akashusha kinga ya uso, akaendelea na geti. Sauti ziliita tena, zaidi ya moja, na cheche zikaendelea kuruka.

Ghafla moto ukazimika. Aliinua kinga na kumkuta mkewe ameshika swichi ukutani, hana viatu, anahema.

"Maswali ametumbukia," alisema. "Tunakuita, wewe! Tunakuita!"

Sijui fundi alifikaje uwanjani. Ngazi ilikuwa mkononi mwake na geti la mteja lilikuwa limeanguka chini. Bati lilikuwa limekatika katikati, mawe yote manne yako pembeni mwake, yamekaa pale pale alipoyaweka. Mama Maswali alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, mkono umezama shimoni mpaka begani, akiita jina la mtoto, lile jina lake la kweli ambalo uwanja mzima haukuwahi kulisikia. Wanawake wawili walikuwa wamemshika miguu asije akamfuata. Mwanzo, walisema, mtoto alikuwa akiitika. Aliita mama, akauliza kwa nini kuna giza. Kisha akaacha.

"Usiingie hivihivi," Mwalimu alisema. "Hewa ya mle inaua."

Fundi alijifunga kamba kiunoni, akajifunga kitambaa kibichi usoni, akashusha ngazi. Alishuka. Wale walioshika kamba walimsikia akikohoa, wakasikia maji yakipigwapigwa, wakamsikia akilia huku anapapasa. Alipoibuka alikuwa amemkumbatia kifuani. Walimmwagia mtoto maji ya bomba, wakampuliza mdomoni, wakamgeuza, wakamminya kifua. Mwenye pikipiki mmoja aliwapeleka zahanati bila kuuliza nauli. Muuguzi alimpokea mtoto, akajaribu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamfunika. Mama alimwomba amfunue kidogo, kwa sababu Maswali hapendi kufunikwa uso.

Kesho yake uwanja ulijaa watu. Wote waliokuwa na la kusema juu ya shimo lile walikuwepo, na sasa walikuwa na mengi zaidi. Mwenye nyumba alikuja, mara ya kwanza tangu kodi ya mwaka, akasema ni mapenzi ya Mungu, akaondoka na gari lake. Fundi alikaa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Kila aliyeingia aliambiwa, "Yule pale ndiye aliyeshuka shimoni," na wageni walikwenda kumshika mkono. Mikono yake aliitoa, kichwa hakukiinua.

Ikafika zamu yake kumpa mama pole. Alipiga magoti mbele ya mkeka. Kabla hajasema neno, Mama Maswali alimshika mkono kwa mikono yake miwili, ile mikono iliyochubuliwa na sabuni.

"Shemeji, ahsante," alisema. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Watu wote hawa waliliona lile shimo. Wewe peke yako ulijali ukaliziba. Na jana ukashuka. Mungu akulipe. Ni bahati yetu tu mbaya, lakini wewe ulijali."

Mke wa fundi, aliyekuwa amekaa ubavuni mwa mfiwa, alimtazama mumewe. Fundi angeweza kuitikia amina, akainuka, na hakuna ambaye angejua mpaka mwisho wa dunia. Nadhani wengi wetu tungeinuka.

"Sikuliziba," alisema.

"Unasemaje, shemeji?"

"Sikuliziba, dada yangu. Nilitupia bati tu. Kitanda chako nikakitoa. Nilikuwa nakula. Inzi walikuwa wananisumbua."

Watu wa karibu waligeuka, na wa mbali wakageuka kwa kuwaona wa karibu. Mama Maswali hakumrushia tusi. Hakuuachia hata mkono wake. Alimkazia macho, kama mtu anayesikia lugha ngeni na kutafuta neno moja atakalolielewa.

"Inzi?" aliuliza.

Fundi alibaki pale magotini, mkono wake ukiwa bado umeshikwa, na mama akauliza tena, kwa upole, maana alitaka kweli kujua: "Inzi, shemeji?"

FUNZO

Mfuniko wa chuma ulichomelewa siku ileile, kabla ya maziko, kwa yale mabamba yaliyokuwa yamekaa tu. Kazi haikuchukua hata saa moja. Nawaachia hilo mlitafakari wenyewe, maana mimi kila nikilifikiria nashikwa na hasira.

Jambo la kwanza mlishike ni hili: asiyejali si lazima awe mkatili. Anaweza kuwa mtu anayempa mtoto wa jirani mkate asubuhi. Kutojali ni kuliona shimo na kujiambia kwamba ni la fulani. Dereva alimwachia mwenye nyumba, mwenye nyumba akamwachia "mtu", wapangaji wakamwachia fundi, na fundi akawaachia akina mama.

Lakini lililomuua Maswali si shimo. Shimo lilikuwa wazi na mama yake akalilinda. Lililomuua ni bati. Kwa hiyo nawaomba: ukilitengeneza jambo kwa ajili ya raha yako tu, usikubali watu waamini umelitengeneza kwa ajili yao. Waambie bado ni hatari. Rudisha kile kitambaa chekundu. Nusu ya msaada inayowaondolea watu tahadhari ni mbaya kuliko kukaa kimya na mikono mfukoni. Na sisi tunaoona bati limewekwa, tuiname tuligonge, hata kama aliyeliweka ni bingwa.

Na ukisikia jina lako linaitwa, zima mashine kwanza. Kama ni ngazi tu wanataka, utakuwa umepoteza dakika moja. Fundi yule bado yuko hai, bado anachomelea, na siku hizi hufanya kazi mlango ukiwa wazi na kila baada ya muda huzima mashine, akasikiliza, ingawa hakuna anayemwita.